Matetea wanamkwepa jogoo mkubwa na kumfuata kishingo. Je, kuku huchagua baba wa watoto wake?

Mama Neema, Tengeru

Habari za jioni wadau. Nafuga kuku wa kienyeji hapa Tengeru, mayai na vifaranga nauza sokoni Jumamosi, na majirani wengine hunifuata nyumbani. Leo sikuja kuuliza dawa. Kuna jambo naliona bandani kila siku na nataka kulielewa.

Nina majogoo wawili. Mmoja ni chotara niliyemnunua ili kuongeza umbo: mrefu, kifua kipana, kilo zake zinakaribia nne. Mwingine ni kishingo wa siku zote, mdogo, shingo tupu hadi kifuani, rangi ya majani makavu. Tangu chotara aingie hakuna ubishi nani mkubwa. Kishingo akimwona anakuja, anapisha. Kwenye chakula chotara anatangulia, kwenye maji anatangulia, na matetea anawakamata popote anapowakuta.

Sasa nisikilizeni. Chotara akimkimbilia tetea, tetea anakimbia huku akipiga kelele hadi chini ya banda la mbuzi. Akikamatwa anapandwa. Jogoo akishashuka, tetea anasimama, anajikung'uta manyoya yote kwa nguvu, na mara kadhaa nimeona kitu cheupe kinamtoka nyuma na kudondoka chini. Kishingo yeye hukaa upande wa migomba. Anaparura, anaokota kitu, anakiangusha, anakiokota tena, huku anaita kwa sauti ya chini, ile ya kok-kok-kok ya haraka haraka. Tetea anajitenga na wenzake, anaenda nyuma ya migomba kwa miguu yake mwenyewe na kuchuchumaa bila kufukuzwa na mtu.

Kilichonifanya niandike ni vifaranga. Matetea wangu wote wana manyoya shingoni, hakuna kishingo hata mmoja. Chotara naye shingo yake imefunikwa. Lakini kwa matetea waliototoa mwezi huu, zaidi ya nusu ya vifaranga wana shingo tupu. Jogoo anayepanda mara chache ndiye mwenye watoto wengi!

Kijana wangu yuko kidato cha nne, anasema wamefundishwa kwamba mwenye nguvu ndiye anayeishi na kuzaa. Nikamwonyesha vifaranga, akakosa la kusema. Naomba mwenye elimu anieleze: kuku ana uwezo wa kuchagua baba wa watoto wake? Na kama anao, anaangalia nini? Naomba kuwasilisha.

Kijana wa Sakina

Mama, shikamoo. Mnyama hachagui. Dume anampiga dume mwenzake, jike anabaki na mshindi, basi. Nenda Serengeti uone simba, nenda kreta ya Ngorongoro uone nyati na fisi. Huyo chotara wako atakuwa na mbegu dhaifu tu, ndiyo maana vifaranga si wake. Muuze akiwa bado na kilo zake, tafuta mwingine.

Mstaafu wa Mifugo, Kiboriloni

Mama Neema, pole na hongera. Hongera kwa sababu wafugaji wengi hawaangalii vifaranga wa nani ni wa nani.

Kabla hatujafika kwenye kuchagua, tuelewane kuhusu mwili wa tetea. Akishapandwa, mbegu hazitumiki zote siku hiyo. Ana vijifuko vidogo sana ndani ya njia ya yai ambamo mbegu huhifadhiwa zikiwa hai wiki mbili, pengine hadi tatu, na kila yai likipita linarutubishwa na kilichomo. Kwa hiyo yai la leo linaweza kuwa la jogoo wa wiki iliyopita, na mayai anayoatamia tetea mmoja yanaweza kuwa na baba wawili. Hilo peke yake linampa jike nafasi ambayo mbuzi hana.

Pili, shingo tupu. Hiyo ni sifa inayotawala: kifaranga akipata jeni yake kwa mzazi mmoja tu, inaonekana. Mwangalie kishingo wako mbele ya shingo, juu kidogo ya gole. Kama ana kishungi cha manyoya hapo, ana nakala moja ya jeni, na nusu ya watoto wake watatoka na shingo zilizofunikwa kama wa chotara. Maana yake sehemu yake inaweza kuwa kubwa kuliko unavyohesabu. Kama hana kishungi, shingo ni tupu kabisa, basi ana nakala mbili na kila mtoto wake utamjua kwa macho. Tuambie.

Na kijana wa Sakina asipuuzwe. Jogoo mzito sana hupanda vibaya, anateleza, anachana migongo ya matetea. Hilo nalo lipimwe.

Mzee wa Machame

Mama Neema, umekaa ukaangalia kitu ambacho wageni wangu wengi wanalipa fedha nyingi na hawakioni. Mimi ni mwongoza wageni, zamani mlimani, siku hizi zaidi mbugani. Kamera zote huelekea kwa dume. Dume ana manyoya, ana mkia, ana kelele. Jike yuko pembeni, rangi ya udongo, utadhani hayumo. Vijana ninaowafundisha kazi nawaambia kila siku: mkifika penye madume wanaojionyesha, mtafuteni jike kwanza. Angalieni anasimama wapi, anakaa kwa muda gani, anaondoka wakati dume anafanya nini. Hapo ndipo habari ilipo.

Kijana wa Sakina, ulichosema ni cha kweli ila ni nusu. Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza, alipotoa mwaka 1859 maelezo yake ya uteuzi asilia, yaani mwenye sifa zinazomfaa ndiye anayeishi na kuzaa zaidi, mkia wa tausi ulibaki nje. Mkia ule haumsaidii kula wala kukimbia. Mwaka uliofuata alimwandikia rafiki yake wa Marekani, Asa Gray, kwamba kila akiuangalia unyoya wa mkia wa tausi anajisikia kuumwa. Jibu alilitoa mwaka 1871: kuna uteuzi wa kijinsia, nao una njia mbili. Njia moja ni hiyo yako, madume kupigana, na humo ndimo zinamotoka pembe na meno makubwa. Njia ya pili ni jike kuchagua, na humo ndimo zinamotoka rangi, nyimbo na mikia. Wenzake waliikubali ya kwanza upesi. Ya pili hata Alfred Russel Wallace, aliyefikia uteuzi asilia kwa akili yake mwenyewe, aliikataa. Hakuamini kwamba ndege jike ana jicho la kupima uzuri. Ikakaa karibu miaka mia bila kupewa uzito.

Kilichoirudisha mezani kwa nguvu kilifanyika hapa jirani, Kinangop, Kenya. Kuna ndege wa nyasi pale, dume ana mwili wa shomoro, mweusi, mabega mekundu, na mkia wa karibu nusu mita. Akiruka kwenye upepo unamwona anavyotaabika nao. Jike ni kahawia yenye michirizi, mkia mfupi tu. Malte Andersson, mtafiti kutoka Sweden, aliwakamata madume 36 akawagawa. Wengine aliwakata mikia ikabaki sentimita 14 hivi. Vipande hivyo akawagundishia wengine, mikia yao ikaongezeka kama sentimita 25. Wengine aliwakata akawagundishia mkia uleule wao, ili kuhakikisha si gundi wala mkasi ulioleta tofauti, na wengine hakuwagusa. Kisha akahesabu viota vipya vya majike kwenye eneo la kila dume. Walioongezewa walipata viota vingi kuliko wote.

Lakini kijana, sikiliza sehemu hii maana ndiyo inayokuhusu wewe. Waliokatwa mikia hawakupoteza maeneo yao! Waliendelea kuwafukuza madume wenzao kama kawaida. Mkia haukuwa silaha. Madume hawakuujali, majike waliujali. Matokeo hayo yalitoka mwaka 1982, na tangu hapo ni vigumu mtu kusema jike haangalii.

Huku kwetu, nyanda za juu za Ngorongoro na Loliondo, yuko ndugu yake ambaye mkia wake ni mfupi zaidi na umepinda. Mvua zikishanyesha nyasi zikawa ndefu, kila dume anakanyagia duara lake, katikati anaacha kishada cha nyasi kimesimama, halafu anaanza kuruka juu, kichwa nyuma, mkia umeinuka, anashuka, anaruka tena. Ukisimamisha gari utaona vichwa vyeusi vinaibuka juu ya nyasi na kuzama, hapa na pale, uwanja mzima. Wageni wanafurahi sana. Mimi huwaonyesha jike: anatua pembeni mwa duara, anapitapita nyuma ya kile kishada, anamwangalia, na mara nyingi anaruka anakwenda duara la pili bila kumpa yule wa kwanza chochote.

Na Mlima Kilimanjaro je? Ukifika kambi ya Horombo, mita 3,720, kwenye zile lobelia ndefu, kuna chozi wa kijani anayemetameta, dume ana manyoya mawili marefu ya mkia, na kifuani pembeni vishungi vyekundu anavyovificha na kuvifungua. Wapagazi wote wanamjua. Ndege huyohuyo alichunguzwa Mlima Kenya, na ikaonekana mkia kazi yake ni kwa jike, vishungi vyekundu kazi yake ni kwa dume mwenzake wakigombea lobelia. Mwili mmoja, mapambo mawili, na kila pambo lina mtazamaji wake. Jambo hili mimi hulipenda kuliko yote ninayowaeleza wageni, kwa sababu linaonyesha zile njia mbili za Darwin kwenye kifua na mkia wa ndege mmoja.

Umetaja simba. Serengeti, watafiti Peyton West na Craig Packer walisimamisha sanamu za simba dume, ukubwa wa kweli, wakabadilisha urefu na weusi wa manyoya ya shingo, kisha wakapiga sauti za fisi wanaokula ili simba waje. Majike walikwenda zaidi kwa sanamu yenye manyoya meusi. Madume waliikwepa hiyohiyo. Walipopima simba wenyewe, wenye manyoya meusi walikuwa na homoni nyingi za kiume na lishe nzuri zaidi, lakini pia miili yao hupata joto zaidi na mbegu zao huwa na kasoro zaidi. Yaani weusi ule unalipiwa. Matokeo yalitoka mwaka 2002.

Umetaja fisi. Fisi wa kreta ya Ngorongoro wamefuatiliwa tangu mwaka 1996 na watafiti wa Ujerumani, koo zote nane. Jike wa fisi kwa maumbile yake hawezi kulazimishwa, dume bila ridhaa yake hafiki popote. Na Oliver Höner na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba jike kijana humkubali dume aliyezaliwa au kuhamia kwenye ukoo baada ya yeye jike kuzaliwa. Kwa kanuni hiyo peke yake anamwepuka baba yake na kaka zake wakubwa bila kuhitaji kumjua baba ni nani. Madume vijana wanaohama wanakwenda kwenye koo zenye majike vijana wengi. Anayempanga dume aishi wapi ni jike.

Sasa kuku wako. Kile kitu cheupe ulichokiona kimeandikwa. Mwaka 2000 Tommaso Pizzari na Tim Birkhead walichunguza kuku wanaoishi huru, wakaona matetea wakipandwa kwa nguvu na majogoo wasiowataka hutoa nje mbegu mara tu baada ya kupandwa. Kukataa kumeshindikana kwa miguu, kunafanyika kwa ndani. Tofauti ni kwamba kwao waliotupwa nje walikuwa majogoo wa ngazi ya chini, kwako anayetupwa ndiye anayetawala. Hapo ndipo ninapotaka kusikia zaidi. Matetea wako wamemjua kishingo tangu wakiwa vifaranga, na chotara ni mgeni mwenye uzito mara mbili yake. Kutawala banda na kukubaliwa si jambo moja.

Mama Neema, Tengeru

Shikamoo Mzee wa Machame, shikamoo Mstaafu. Nimemsomea kijana wangu yote.

Nimemkamata kishingo asubuhi nikamwangalia vizuri. Mbele ya shingo hakuna kishungi kabisa, ni ngozi tupu nyekundu. Halafu nikaenda kwa vifaranga wakubwa kidogo. Wale wa shingo tupu wote wana kijishungi kidogo cha manyoya mbele ya shingo, juu ya gole, kama ulivyosema. Mmoja mmoja, nimewageuza wote.

Swali langu la pili bado. Mkia wa kishingo hauna maajabu. Rangi hana. Matetea wanaona nini pale?

Mstaafu wa Mifugo, Kiboriloni

Basi imekaa sawa. Kishingo ana nakala mbili, matetea hawana hata moja, kwa hiyo watoto wake wote wana nakala moja na kishungi. Wenye shingo zilizofunikwa ni wa chotara. Hesabu yako ni ya kuaminika.

Kuhusu wanachoona, angalia upanga kichwani na ndevu chini ya kidevu. Ule wekundu ni damu, na ukubwa wake unashikwa na homoni ya kiume. Jambo hili linajulikana tangu mwaka 1849, pale Arnold Berthold wa Göttingen, Ujerumani, alipohasi majogoo vijana: upanga ulisinyaa, hawakuwika, hawakupigana. Aliowarudishia korodani ndani ya tumbo, hata mahali ambapo si pake, wakaota upanga na kuwika.

Na upanga unatoa siri ya minyoo. Marlene Zuk na wenzake, mwaka 1990, walichukua majogoo wa jamii ya kuku pori wekundu wa Asia, ambao ndio mababu wa kuku wetu, wakawaambukiza wengine minyoo ya utumbo tangu wadogo. Walipokua, mdomo na miguu havikutofautiana sana na vya wazima, lakini upanga ulikuwa mdogo na umefifia. Matetea walipoachiwa kuchagua, waliwapendelea wazima. Maana yake tetea anaangalia mahali ambapo ugonjwa haujifichi. Mimi nimekagua mabanda miaka mingi na kitu cha kwanza ninachoangalia nikiingia ni hichohicho.

Kwa hiyo mama, weka majogoo wako wawili kwenye mwanga wa jua, linganisha upanga. Usilinganishe ukubwa tu, angalia wekundu, na uguse kama una joto.

Kijana wa Sakina

Nimewaelewa kuhusu simba na fisi, asanteni wazee. Ila upanga unaoonyesha afya una faida, hilo sawa. Mkia wa nusu mita una faida gani kwa jike? Si anajichagulia dume atakayeliwa kesho?

Mzee wa Machame

Swali zuri kijana, na wataalamu wamelibishania kwa muda mrefu.

Ronald Fisher wa Uingereza, mwaka 1930, alisema hivi. Tuseme mwanzoni mkia mrefu kidogo ulimsaidia dume kuruka, na majike waliopenda mkia mrefu wakapata watoto wazuri. Mtoto anarithi vyote viwili: kijana wa kiume anarithi mkia, binti anarithi mapenzi ya mkia. Kuanzia hapo jike anayechagua mkia mrefu anazaa vijana watakaopendwa na mabinti wa wenzake, na hilo tu linatosha kumpa wajukuu wengi. Mkia unaendelea kurefuka hata ule msaada wa kuruka ukishakwisha, mpaka wanaoliwa kwa ajili ya mkia wanakuwa wengi kiasi cha kuusimamisha.

Amotz Zahavi wa Israeli, mwaka 1975, akaja na wazo ambalo wengi walilikataa mwanzoni. Alisema mkia unafaa kwa sababu ni mzigo. Dume dhaifu hawezi kuubeba akabaki hai, kwa hiyo mwenye nao amethibitisha. Ni kama mpagazi anayefika kambi ya Barafu kule Kilimanjaro amebeba mzigo mzito na bado anaimba: huhitaji kumuuliza kuhusu mapafu yake. Kisha mwaka 1982 William Hamilton na huyo Marlene Zuk wakaongeza habari ya vimelea, kwamba rangi na mapambo ni cheti cha afya.

Nikiulizwa maoni yangu, nadhani yote yanafanya kazi, kwa ndege tofauti na kwa kiasi tofauti. Kwa simba na kuku naegemea upande wa afya. Kwa yule wa Kinangop, nikiuangalia mkia ule, moyo wangu unakwenda kwa Fisher.

Na swali ambalo hamkuuliza ila liko chini ya yote: kwa nini jike ndiye achague? Robert Trivers alilijibu mwaka 1972. Anayegharamia mtoto zaidi ndiye anayekuwa mwangalifu. Tetea anatengeneza yai, anaatamia siku 21, analea. Jogoo anatoa mbegu anaondoka. Ukitaka kuhakikisha, tafuta mahali gharama imehamia kwa baba. Kwenye mabwawa yenye mayungiyungi kuna ndege wa kahawia mwenye vidole virefu sana anayetembea juu ya majani. Kwake dume ndiye anayeatamia, na hatari ikija anawabeba vifaranga kwapani, unaona vijiguu vinaning'inia chini ya mabawa. Na kwa ndege huyo, majike ndio wakubwa kwa umbo, majike ndio wanaopigania maeneo, na jike mmoja ana madume kadhaa. Hakuna kilichobadilika isipokuwa nani anakaa juu ya mayai.

Mama, nimalizie na kishingo wako kuokota na kuangusha. Hiyo ni namna ya jogoo kumwita tetea kwenye chakula, na ile sauti ya haraka ni sehemu yake. Matetea wanaijibu sana. Lakini jogoo anaweza kuita hata akiwa ameshika kijiti kisicholiwa, watafiti wamelishuhudia. Nyamera naye ana hila ya namna hiyo: kule Masai Mara, jike aliye tayari akianza kutoka kwenye eneo la dume, dume anasimama mbele yake, masikio wima, anakoroma ile sauti ya kutahadharisha kama vile kuna simba. Jike anasita, anabaki. Wanaochagua wanadanganywa pia, na ndiyo maana wanazidi kuwa wakali wa kuangalia. Kwa hiyo ukipata nafasi tazama kishingo anaokota nini.

Mzaliwa wa Ukerewe, sasa Moshi

Naomba niongeze la nyumbani kwetu. Kwenye Ziwa Victoria kuna furu mwenye jina la Mwalimu, Pundamilia nyererei, dume mwekundu mgongoni. Pembeni yake anaishi ndugu yake, Pundamilia pundamilia, dume wa buluu. Majike wao wanafanana, rangi hafifu. Kinachowatenga wasizaliane ni macho ya majike: huyu anafuata nyekundu, yule buluu. Ole Seehausen na wenzake waliwaweka kwenye maji yenye taa ya rangi moja, ambapo nyekundu na buluu hazitofautiani, na majike wakaacha kubagua. Waliandika hivyo mwaka 1997. Ndicho kinachotokea ziwani kweli mahali ambapo maji yamechafuka kwa udongo wa mashamba na maji taka. Penye maji maangavu unapata wekundu na wa buluu, penye matope unapata wa katikati wasioeleweka.

Watu wanazungumzia sangara kula furu, na ni kweli aliwala. Lakini aina ya samaki inaweza kupotea bila kuliwa hata mmoja, kwa sababu tu jike haoni tena. Mimi jambo hili linaniuma.

Mama Neema, Tengeru

Asanteni sana, hata sikujua kuna furu wa Mwalimu.

Nimewaweka juani wote wawili. Upanga wa chotara ni mkubwa zaidi, lakini ncha zake zimefifia, unaelekea rangi ya waridi, na ukiushika ni wa baridi. Wa kishingo ni mdogo, mwekundu hasa, na wa moto. Chini ya migomba nimemkuta kishingo anaita kwenye mchwa, kweli kulikuwa na mchwa, na tetea alikula. Chotara sijamwona akiita hata nikimwaga pumba mbele yake. Anakula yeye.

Sasa nifanyeje? Nataka vifaranga wenye umbo la chotara lakini sitaki kuwalazimisha matetea.

Mstaafu wa Mifugo, Kiboriloni

Mpe chotara dawa ya minyoo kwanza, na kishingo pia, na matetea wote, siku moja. Kisha mtenge kishingo. Mayai ya wiki tatu za kwanza usiyaatamize kwa hesabu hii, maana matetea bado wanatumia mbegu alizoacha. Baada ya hapo atamiza mayai ya chotara peke yake, na siku ya saba yapime kwa tochi gizani. Ukiona mishipa kwenye mengi, mbegu zake ni nzima, na kijana wa Sakina atakuwa amejibiwa: matetea walikuwa wanamkataa. Ukiona mayai mengi meupe ndani, hayana mishipa, hapo bado hujui, huenda ni mbegu, huenda wanazitoa zote. Angalia kama bado wanajikung'uta na kudondosha kile cheupe.

Akishapona minyoo, warudishe wote wawili pamoja, uangalie upanga wake na uangalie matetea wanakwenda upande gani wa migomba. Vifaranga watakaofuata wageuze shingo kama ulivyofanya, utuletee hesabu hapahapa.

Mama Neema, Tengeru

Naanza Jumatatu. Kishingo atakaa banda la mbuzi, na kijana wangu ndiye atakayeandika.